Uliza Mwalimu: Madrid wana holidei yao ya kuinuka, yetu iko wapi?

Barua za mwezi huu ni kama mlikaa mkapanga, karibu zote ni za holidei. Nadhani ni hii Oktoba inabisha hodi. Nimechukua 5. Ya kwanza nimeijibu ndefu sana, mhariri amenilalamikia, lakini nimefundisha historia miaka mingi na sijawahi kuulizwa hivyo darasani, kwa hivyo wacha tu.

*Mwalimu, habari ya siku. Mimi niko na duka hapa Kondele. Mdogo wangu ako Madrid mwaka wa nne sasa, anatunza mama mzee. Tarehe 2 Mei nikampigia nikijua ako kazini nimwachie tu meseji, kumbe akashika hapo hapo, ako nje kwa uwanja na watu wanacheza muziki, ananiambia leo ni holidei ya Madrid peke yake, miji mingine wako kazini. Nikauliza ya nini, akasema ya kupigana na Wafaransa, halafu simu ikakatika. Sasa mji mmoja unawezaje kuwa na holidei yake? Na hao Wafaransa si ni majirani zao? Na sisi je, Wanandi walipigana na Waingereza miaka na miaka, mbona hatuna siku yao? Mama Duka, Kondele, Kisumu.*

Mama, mdogo wako hajakudanganya. Uhispania imegawanywa mikoa 17 inayojitawala kwa mambo mengi, kila mmoja na bunge lake, na sheria yao ya kazi inampa mfanyikazi holidei zisizozidi 14 kwa mwaka, za kulipwa, 2 kati ya hizo mji wenyewe unachagua, halafu mkoa nao unaruhusiwa kuweka ya kwake. Wakatalani wa Barcelona wana 11 Septemba, Madrid wana 2 Mei. Na kwa vile 1 Mei ni Leba Dei huko kama tu hapa kwetu, mdogo wako alikuwa anakula siku mbili mfululizo, ndio maana alishika simu haraka hivyo.

Sasa hio vita. Mwaka ni 1808. Napoleon wa Ufaransa alikuwa ameomba njia, na kweli aliomba, 1807 wakaandikishana mkataba kwamba majeshi yake yapite tu Uhispania yaende kuvamia Ureno. Unajua mgeni wa kuomba kupita. Akapita, akakaa, akaita wenzake, mpaka jenerali wake Joachim Murat akawa ameingia Madrid na maelfu ya askari, na mfalme na mtoto wake waliokuwa wanang'ang'ania kiti wakaitwa wote wawili Bayonne, huko Ufaransa, ati waende wapatanishwe. Wakaenda. Wakafungiwa huko huko. Na wakubwa waliobaki Madrid wakanyamaza kimya, jeshi lenyewe la Uhispania likaambiwa likae kambini lisiguse mtu.

Asubuhi ya 2 Mei watu wakaona magari ya farasi mbele ya kasri yamekuja kubeba kitinda mimba wa mfalme, Francisco de Paula, kijana wa miaka 14. Hapo ndipo moto ukashika. Watu wakazuia magari, Wafaransa wakafyatulia umati, na habari ikakimbia mtaa kwa mtaa, wakatoka na visu vya jikoni, makasi, marungu, chochote. Walioinuka hawakuwa mabwana, walikuwa mafundi, wachuuzi, wafanyikazi wa nyumbani, watu wa karakana. Wanajeshi waliokaidi amri walikuwa wachache wa kambi ya mizinga ya Monteleón, chini ya Luis Daoíz na Pedro Velarde, wakawafungulia raia geti wakapigana pamoja, na wote wawili wakafa siku hio. Ukimuuliza mdogo wako akuonyeshe Plaza del Dos de Mayo, ndio mahali penyewe, na kuna tao limebaki la ile kambi. Pengine ndipo alipokuwa amesimama akiongea na wewe.

Jioni Murat alikuwa ameshinda. Akatoa amri kila aliyekamatwa na silaha apigwe risasi, na usiku ule mpaka asubuhi ya tarehe 3 watu wakapangwa ukutani na mlimani wakauawa kwa mafungu. Kuna mchoraji, Francisco Goya, miaka 6 baadaye, 1814, akachora picha 2 za siku hizo, ziko jumba la Prado hapo Madrid. Ya pili kuna jamaa wa shati jeupe amepiga magoti, mikono ameinua juu yote miwili, chini kuna taa kubwa ya mraba inammulika yeye, na wale askari wanaomlenga huoni hata sura moja, ni migongo na mabegi tu. Nilikuwa nayo kwa kalenda ya zamani ofisini, wanafunzi wakiingia kuchapwa wanaiangalia hio kwanza. (Siku hizo kulikuwa na kuchapwa, msinirushie mawe.)

Kama Murat alifikiri imeisha, haikuisha. Siku hio hio mameya wa Móstoles, mji mdogo karibu na Madrid, wakatia saini barua ya kuita miji mingine ichukue silaha, na nchi ikalipuka, vita ikaenda mpaka 1814. Hata neno gerila linatoka huko, kwa Kihispania ni kama kusema kavita, vita ndogo ndogo, unapiga unatoroka. Na mwisho wake si mtamu vile, maana watu walimwaga damu mfalme wao Ferdinand, yule mtoto aliyeitwa Bayonne, arudi, na aliporudi 1814 kitu cha kwanza akafuta katiba waliyoandika 1812 akiwa hayuko. Wakenya hapo sina haja ya kuwatafsiria.

Sasa swali lako la mwisho, na ndilo limeninyima usingizi. Mbona sisi hatuna?

Si ati hatuna cha kukumbuka. Huku magharibi tumejaa. Wanandi walianza 1895 wakaendelea mpaka 1905, wakibomoa reli na kukata waya za telegrafu, wanatengeneza bangili na mikufu nazo, na bolti za reli zikawa silaha. Wabukusu 1895 walipigana Lumboka halafu Chetambe, kule juu ya Webuye, boma la udongo na handaki mbele ya bunduki ya mashine. Wagusii wana 1905 na 1908. Na nyinyi Kisumu na Siaya mna Piny Owacho, yaani nchi imesema, ya 1921, haikuwa ya mikuki lakini watu wazima walikusanyika Lundha huko Gem wakasema kipande na ushuru vimetosha.

Tatizo ni siku ipi, na ya nani. Vita vya Chetambe, waliokuja na afisa Mwingereza C. W. Hobley kuvunja boma, Wazungu walikuwa wachache sana, wengi walikuwa Wasudani waliokuwa askari wa Waingereza, na Wawanga wa mfalme Mumia kutoka Mumias, na wengine. Vita ya Nandi 1905, mbele ya KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, walitangulia Wamaasai waliokuja kwa ajili ya ng'ombe. Hata pale Madrid walioingia na upanga katikati ya mji, uwanja wa Puerta del Sol, walikuwa Wamamluki, askari wa farasi ambao Napoleon aliwatoa Misri, na ndio Wahispania waliwarukia na visu kwanza kuliko hata Wafaransa. Aliyevamia hutuma mtu mwingine mbele, nadhani hio ni kazi ya zamani sana. Tofauti ni kwamba Wamamluki walirudi zao na Madrid wakabaki wenyewe na hadithi yao moja, lakini sisi aliyetumwa na aliyepigwa bado ni majirani, wanaoana, wanapanda matatu moja, wanapiga kura kaunti moja. Shujaa wa huyu ndiye aliyemvunjia boma babu ya yule. Hata hio Chetambe yenyewe, nenda Webuye useme ni boma la Wabukusu, Mtachoni atakusimamisha hapo hapo akwambie Chetambe alikuwa wa kwao.

Kwa hivyo nikiambiwa nichague siku moja ya mkoa mzima nitakimbia. Mimi ningependa kila mahali pawe na siku yake ndogo, bila jukwaa na viti vya plastiki vya waheshimiwa, na hadithi isimuliwe yote, hata ile sehemu ya nani alikuwa upande gani. Msalimie mdogo wako, na umwambie aende Prado, Jumatatu mpaka Jumamosi masaa 2 ya mwisho ya jioni kuingia ni bure.

*Mwalimu, tunabishana hapa steji. Mimi nasema 20 Oktoba iliwekwa kwa sababu ya Koitalel, aliuawa 19 Oktoba, kesho yake ndio holidei. Wenzangu wanasema nimejitungia. Nani ameshinda? Boda wa Kapsabet.*

Wenzako. Lakini hujaanguka vibaya, umekosa kwa siku moja tu na miaka 47.

20 Oktoba ni usiku wa 1952 ambao serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari ikakamata Kenyatta na wenzake, operesheni waliita Jock Scott. Tulipopata uhuru siku hio ikaitwa Kenyatta Dei, na katiba ya 2010 ikaibadilisha kuwa Mashujaa, iwe ya wote. Iko ibara ya 9 pamoja na 1 Juni na 12 Desemba. Zingine kama 10 Oktoba haziko kwa katiba ndio maana hio imebadilishwa jina mara kwa mara, Moi Dei, Utamaduni, sasa Mazingira, watoto wangu wanaiita tu ile ya tarehe 10.

Koitalel arap Samoei ni kweli aliuawa 19 Oktoba 1905, hapo Kaidparak karibu na Nandi Hills. Alikuwa Orkoiyot, kiongozi wa kiroho, mtoto wa Kimnyole, yule anayesimuliwa kwamba alitabiri nyoka wa chuma anayetema moto na moshi atapita nchini, na nyoka ndio hio reli, ikafika Port Florence, yaani Kisumu, Desemba 1901. Afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, akaitisha mkutano wa amani, Koitalel akaja na watu wachache, Meinertzhagen akampiga risasi, na wengi aliokuja nao wakauawa pia. Yeye alisema alikuwa anajikinga. Wakamchunguza, wakamwachilia, halafu wakamwondoa Kenya 1906, na mimi naona ukimwondoa mtu hivyo unajua alichofanya. Fimbo alizochukua kwa mwili wa Koitalel zilikaa Uingereza miaka 101, familia ya Meinertzhagen ikazirudisha Kenya 2006. Kichwa Wanandi wanasema kilichukuliwa pia, na mpaka leo wanakidai.

Na usisahau mtoto wake, Barsirian arap Manyei. Alikamatwa 1923 Wanandi walipopanga kuinuka tena, akaachiliwa 1964. Hesabu mwenyewe. Mandela alikaa 27.

Kama uko na abiria wa kwenda Nandi Hills, mwache mlangoni pa makumbusho ya Samoei, uingie na wewe dakika 20. Boda wakijua hio hadithi watalii hawatahitaji mtembezaji wa kuwadanganya.

*Mwalimu, gavana wetu anaweza kutangaza 'Siku ya Chetambe' iwe holidei Bungoma tu, kama hao wa Madrid? Msomaji, Webuye.*

Hawezi. Ile sheria ya sikukuu, sura ya 110, inampa hio nguvu waziri wa usalama wa ndani, kwa notisi ya gazeti la serikali, na bunge nalo kwa katiba linaweza kutunga sheria ya kuongeza zingine. Gavana hayuko hapo.

Lakini sikiza, holidei ya sehemu moja ya nchi Kenya tumeshaona. Uchaguzi mdogo ukifanyika, waziri hutangaza siku hio holidei kwa eneo bunge hilo peke yake, jirani ng'ambo ya barabara anaenda kazi. Kwa hivyo mlango uko, ni kubisha. Gavana na bunge la kaunti wanaweza kuomba, na wakati wanasubiri hakuna anayewakataza kufanya maadhimisho bila kufunga ofisi. Tena ningeanza na kibao. Mara ya mwisho nimepanda huko Chetambe kijana wa kuchunga ng'ombe ndiye alinionyesha handaki liko wapi, na nilikuwa nimeshapita juu yake nikifikiri ni mtaro wa maji.

*Niko duka la vifaa vya ujenzi Nakuru. Bosi anasema Mashujaa ni ya wafanyikazi wa serikali, sisi tunafungua kama kawaida na pei ni ile ile. Ni ukweli? Naomba usiweke jina. Free Area.*

Si ukweli. Holidei ya kitaifa ni ya kila mtu. Anaweza kukuomba ufanye kazi, maduka mengine lazima yafungue, lakini amri ya jumla ya mishahara inasema masaa ya siku hio ni dabali. Na kama ikianguka Jumapili, Jumatatu inayofuata ndio inakuwa holidei, wengi wanaisahau hio. Andika tarehe na masaa uliyofanya kwa kitabu chako, muulize kwanza kwa upole, akikataa nenda ofisi ya leba ya kaunti, kuuliza ni bure. Usiende na hasira, nenda na kitabu.

*Mwalimu, nimesoma gazeti lenu mwaka mzima, kila shujaa ni mwanaume mwenye mkuki. Wanawake walikuwa wapi, jikoni? Mwanafunzi wa kike, Kisii.*

Umenipata, na umenipata Kisii kabisa, mahali ambapo sina pa kujificha.

Moraa Ng'iti. Alikuwa mwonaji, mganga, mama mtu mzima wa Kitutu, na ndiye anasimuliwa kuwachochea wanaume waliokuwa wameogopa baada ya Waingereza kuua watu wengi 1905, akiwaambia kama wameshindwa kulinda nchi basi wakae nyumbani na wanawake waende. Mmoja wao, Otenyo, alimsikia. Januari 1908 akamvizia njiani mkuu wa wilaya, Geoffry Northcote, akamchoma mkuki. Wakaja wanajeshi, wakachoma nyumba, wakachukua ng'ombe kwa maelfu, Otenyo akakamatwa akauawa. Northcote yeye alipona, akapanda cheo baada ya cheo, mpaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong.

Na kwa vile nimeshaanza na Madrid, wao wako na Manuela Malasaña. Msichana wa miaka 17, fundi wa kushona na kutarizi, na baba yake anasemekana alikuwa mwoka mikate mwenye asili ya Ufaransa, huko huko kwa wavamizi. Kuna wanaosema aliuawa akimpelekea baba yake baruti pale Monteleón. Kuna wanaosema hapana, alikuwa anatoka kazini jioni, askari wakamsimamisha wakampekua, wakapata makasi yake ya kazi, na amri ya Murat ilisema mwenye silaha auawe. Leo mtaa mzima wa Madrid unaitwa Malasaña, wenye baa na vijana wengi, na yule mdogo wa Mama Duka akitembea hapo anatembea ndani ya jina lake.

Mimi hio ya makasi ndiyo naiamini zaidi, sina ushahidi wa kukupa, ni vile nimeona watu wakipekuliwa. Sasa wewe nataka unifanyie kazi. Kama una nyanya Kitutu, muulize alisikia nini kuhusu Moraa kutoka kwa mama yake, alikuwa anavaa nini, alikuwa anaongea vipi, aliishi boma gani, uandike vile vile kwa maneno yake hata kama ni Kigusii, unitumie kabla ya tarehe 10. Nafasi ya mwezi ujao ni yako, mhariri nimeshamwambia.